Katiba ya Marekani: ilitoka wapi na inafanyaje kazi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Marekani inapofanya uchaguzi, au rais wake anapovutana na majaji, maswali yanayokuja ni yale yale, tena ni maswali mazuri. Nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nautaja mapema: Katiba hii naiona kama mapatano ya watu wasioaminiana, na vifungu vyake vingi havieleweki mpaka ujue nani alikuwa anamwogopa nani.

Je, Wamarekani walipata Katiba siku walipojitangazia uhuru?

Hapana. Tamko la Uhuru ni la Julai 1776. Katiba iliandikwa mwaka 1787 na ikaanza kutumika 1789. Tamko linaeleza kwa nini makoloni 13 yanaachana na mfalme wa Uingereza. Halisemi lolote kuhusu rais, bunge wala mahakama. Katikati hapo walikuwa na katiba nyingine, Kanuni za Shirikisho, zilizoridhiwa na majimbo yote mwaka 1781. Watu wengi huiruka hatua hii, na wakiiruka hawaelewi kilichofuata.

Hizo Kanuni za Shirikisho zilikuwa na kasoro gani?

Ziliunda serikali ombaomba. Kulikuwa na bunge la chumba kimoja ambamo kila jimbo lilikuwa na kura moja, bila rais mtendaji na bila mahakama za taifa zenye nguvu. Bunge hilo halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Liliyaandikia majimbo kuomba fedha, na majimbo yakatoa yalivyojisikia. Mwaka 1781 likapendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje ili kulipa madeni ya vita. Kubadili kanuni kulihitaji ridhaa ya majimbo yote 13. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, likagoma, na mpango ukafia hapo.

Kilichowatia hofu wakubwa ni Massachusetts. Wakulima wa magharibi mwa jimbo hilo, wengi wao askari wa zamani wa vita vya uhuru, walidaiwa kodi zilipwe kwa sarafu wakati sarafu zenyewe hazikuonekana. Mahakama zikawa zinapiga mnada mashamba na mifugo yao. Mwaka 1786 wakaanza kuzingira majengo ya mahakama ili majaji wasikae. Januari 1787 kundi lililoongozwa na Daniel Shays, kapteni wa zamani, lilikwenda kuteka ghala la silaha la Springfield. Wanamgambo waliolilinda wakafyatua mizinga, watu wanne wakafa. Serikali ya shirikisho haikuwa na jeshi la kupeleka. Jeshi lililomaliza uasi huo liligharimiwa na matajiri wa Boston kutoka mifukoni mwao. Miezi minne baadaye mkutano wa Philadelphia ukafunguliwa.

Nani walikaa Philadelphia, na walitumwa kuandika katiba mpya?

Walitumwa kurekebisha ile ya zamani. Wakatoka na kitu kingine kabisa.

Walihudhuria wajumbe 55 kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu. Wengi walikuwa wanasheria, wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa, na karibu nusu walimiliki watumwa. Hakukuwa na mwanamke, mtu mweusi wala mwenyeji wa asili wa bara lile. George Washington aliongoza vikao, kuanzia Mei 25 hadi Septemba 17, 1787. Milango ililindwa, madirisha yakafungwa katikati ya joto la kiangazi, na wajumbe wakaahidiana kutosema lolote nje. James Madison wa Virginia alikaa mbele, akaandika alichosikia siku baada ya siku. Maandishi yake yalichapishwa 1840, miaka minne baada ya kifo chake, na bila hayo tungekuwa tunabahatisha mengi.

Waliotia saini ni 39. Watatu waliokuwepo hadi siku ya mwisho walikataa, mmoja wao George Mason, ambaye lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba hakuna orodha ya haki za raia. Wakati ulionyesha kwamba alikuwa na hoja.

Mawazo yao waliyatoa wapi?

Vitabu vitakutajia Magna Carta ya 1215, hati iliyombana mfalme wa Uingereza, sheria ya haki ya Uingereza ya 1689, na wanafalsafa John Locke na Montesquieu. Ni kweli waliwasoma. Lakini walijifunza zaidi nyumbani. Virginia ilikuwa na baraza la wawakilishi wa walowezi tangu 1619, na baada ya 1776 majimbo yakaanza kujiandikia katiba moja baada ya nyingine. Pennsylvania ilijaribu bunge la chumba kimoja bila gavana, na wengi wa wajumbe wa 1787 waliliona hilo kama somo la nini kisifanywe. Massachusetts, kwa rasimu iliyotoka zaidi mikononi mwa John Adams, ilipata mwaka 1780 katiba yenye gavana, mabunge mawili na majaji huru, tena baada ya kuipeleka kwa wananchi waikubali. Hiyo bado inatumika mpaka leo, ikiwa na marekebisho mengi.

Kwa nini kila jimbo lina maseneta wawili, hata lile lenye watu kiduchu?

Kwa sababu bila hivyo majimbo madogo yangeondoka mkutanoni. Virginia ilitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu. New Jersey na wenzake wakasema kila jimbo lihesabiwe sawa, kama zamani. Waligombana wiki kadhaa. Julai 16 suluhu ikapita kwa majimbo matano dhidi ya manne, wajumbe wa Massachusetts wakiwa wamegawanyika katikati: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti iwe sawa kwa wote. Ndiyo maana leo California yenye watu karibu milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming, isiyofikisha watu 600,000, ina wawili vilevile. Usawa huo umefungwa kwa kufuli: hakuna jimbo linaloweza kunyang'anywa bila lenyewe kukubali. Anayefuatilia mijadala ya Muungano wetu, mdogo na mkubwa ndani ya nchi moja, hatashangaa kwamba hili ndilo lililotaka kuuvunja mkutano.

Na utumwa?

Hapa mapatano yalifanywa juu ya migongo ya watu ambao hawakuwepo chumbani. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe katika kugawa viti vya bunge, ingawa hayakuwa na nia ya kuwapa kura. Ikakubaliwa watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Matokeo yake kusini ikapata wabunge wengi kuliko wapiga kura wake walivyostahili, na kura za ziada katika kumchagua rais. Bunge likakatazwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Mtumwa akitorokea jimbo lisilo na utumwa, arudishwe kwa bwana wake. Yote haya yamo kwenye Katiba bila utumwa kutajwa kwa jina hata mara moja. Waandishi walijua wanachokificha.

Deni hilo lililipwa kwa damu. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, iliamua kwamba mtu mweusi mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliua zaidi ya wanajeshi 600,000. Vikafuata vifungu vitatu vya marekebisho: cha 13 kilichofuta utumwa (1865), cha 14 kilichotoa uraia na ulinzi sawa wa sheria (1868), na cha 15 kilichokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi (1870). Kusini wakavizunguka kwa karibu miaka mia, kwa kodi ya kupigia kura na mitihani ya kusoma, mpaka miaka ya 1960.

Wengine husema Katiba mpya ilizaliwa baada ya vita hivyo, na mimi niko nao. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu, alisema mwaka 1987, nchi ikisherehekea miaka 200 ya Katiba, kwamba serikali iliyobuniwa Philadelphia ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Marshall huyo, akiwa bado wakili, alikwenda London mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akawaandalia rasimu ya haki za msingi. Alikuwa anajua vizuri haki iliyoandikwa na haki inayotekelezwa zinavyoachana.

Katiba ilipitishwaje? Wananchi walipiga kura?

Walichagua wajumbe wa mikutano maalumu ya majimbo, na wajumbe hao ndio waliopiga kura. Majimbo 9 kati ya 13 yalitosha. Wale wa Philadelphia walikuwa wamejifunza kwa Rhode Island kutosubiri kauli moja. Delaware ilitangulia Desemba 1787, New Hampshire ikawa ya tisa Juni 1788. Kwenye majimbo makubwa ilikuwa roho mkononi: Massachusetts 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Huko New York, Alexander Hamilton, Madison na John Jay waliandika makala 85 za kuitetea, wakijificha nyuma ya jina moja la Kirumi, Publius. Rhode Island iliingia ya mwisho Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32, baada ya kuona inaelekea kukatiwa biashara na wenzake.

Mihimili mitatu inatofautianaje na ya kwetu?

Tanzania, waziri ni lazima awe mbunge, na Waziri Mkuu anakaa bungeni kujibu maswali. Marekani hilo ni mwiko: mtu hawezi kuwa mbunge na waziri kwa wakati mmoja. Kenya imefuata njia hiyo tangu Katiba ya 2010, pamoja na kuwa na Seneti.

Lakini kutenganisha si kutengana. Rais anateua mawaziri, mabalozi na majaji, Seneti inawathibitisha au inawakataa. Bunge linatunga sheria, rais anaweza kuikataa kwa kura ya turufu, nalo Bunge linaweza kumshinda kwa theluthi mbili za kila chumba. Rais ni amiri jeshi mkuu, ila fedha za jeshi na kutangaza vita viko kwa Bunge. Mwaka 1952, katikati ya vita vya Korea, Rais Truman aliamuru serikali ichukue viwanda vya chuma ili mgomo usikwamishe silaha. Mahakama ya Juu ikasema, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba hakuna sheria wala kifungu kinachompa uwezo huo. Viwanda vikarudi kwa wenyewe.

Ni kweli Sayyid Said alimpelekea rais wa Marekani zawadi, akaambiwa haruhusiwi kuzipokea?

Ni kweli, na hakuna kisa kinachoifundisha Katiba hii kwa msomaji wa pwani kuliko hiki.

Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ulitiwa saini Muscat Septemba 1833. Haukuwa na nguvu kwa saini ya mjumbe wa rais peke yake. Katiba inataka theluthi mbili za maseneta waliopo wakubali, na Seneti ilikubali mwaka 1834.

Aprili 1840 jahazi kubwa la Sayyid, *Sultana*, likatia nanga New York, likiwa na karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Pamoja na bidhaa za kuuza kulikuwa na zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, zulia, marashi ya waridi na upanga. Kwa adabu za Unguja na Muscat, kukataa zawadi ya mfalme ni tusi. Kwa Katiba ya Marekani, kuipokea ni kosa. Kifungu cha kwanza cha Katiba yenyewe, si cha marekebisho, kinakataza mwenye wadhifa wa serikali kupokea zawadi, cheo au malipo yoyote kutoka kwa mfalme au dola ya nje bila ridhaa ya Bunge. Waandishi walikuwa wameona mabalozi wa Ulaya wanavyonunuliwa kwa vito. Benjamin Franklin mwenyewe alipewa na mfalme wa Ufaransa kisanduku kilichonakshiwa almasi.

Van Buren akakwama kati ya adabu na sheria. Akalipeleka suala Bungeni. Julai mwaka huo Bunge likapitisha azimio la kumruhusu azichukue kwa niaba ya nchi na kuziuza, fedha ziingie Hazina. Huku nyuma, mafundi wa jeshi la maji la Marekani wakalikarabati *Sultana* bure, nalo likarudi na zawadi za kumpa Sayyid. Heshima ikabaki na Katiba haikuguswa. Watu wanaosema kifungu hicho ni cha mapambo wangesoma barua za mwaka ule.

Mahakama ilipata wapi uwezo wa kufuta sheria za Bunge?

Katiba haisemi hivyo waziwazi. Uwezo huo uliwekwa sawa mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison.

Rais John Adams, akiwa anamalizia siku zake Ikulu, aliteua mahakimu wengi wa chama chake. Hati ya William Marbury ilitiwa saini na muhuri lakini haikufikishwa kwake. Aliyekuwa na wajibu wa kuifikisha alikuwa waziri wa mambo ya nje, John Marshall. Serikali mpya ya Rais Thomas Jefferson ikagoma kuitoa. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, na Jaji Mkuu aliyemsubiri pale alikuwa John Marshall yule yule. Leo tungemtaka ajitoe kwenye kesi.

Marshall alijua akiamuru hati itolewe, Jefferson atapuuza na Mahakama itaaibika. Akaamua hivi: Marbury ana haki ya hati yake, lakini sheria iliyomruhusu kuanzia kesi hapa inapingana na Katiba, kwa hiyo sheria hiyo ni batili. Marbury akarudi mikono mitupu. Jefferson hakuwa na amri ya kukaidi. Na Mahakama ikawa imejitwalia uwezo mkubwa kuliko wote ilionao. Kwangu huu ndio mchezo wa kisiasa uliochezwa kwa akili kuliko wowote katika historia ya mahakama ile.

Majaji leo ni tisa, na hukaa hadi wafe, wastaafu au waondolewe na Bunge. Hawana jeshi, wanategemea kutiiwa. Mwaka 1974 walimwamuru Rais Nixon, kwa kauli moja ya majaji wanane, atoe kanda za mazungumzo yake ya Ikulu. Alizitoa, na zaidi kidogo ya wiki mbili baadaye akajiuzulu.

Kwa nini mtu anaweza kupata kura nyingi za wananchi na kuukosa urais?

Kwa sababu rais anachaguliwa na wajumbe 538 waliogawiwa majimbo kufuatana na idadi ya wabunge na maseneta wao, pamoja na watatu wa Washington, D.C. Mshindi anahitaji 270. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura chache; Maine na Nebraska pekee hugawa. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura kama nusu milioni akashindwa, na 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu milioni tatu akashindwa. Wapo wanaoutetea mfumo huu kwamba unayalinda majimbo madogo. Mimi naona hesabu ya watumwa watano kwa watatu ilikuwa na mkono mrefu zaidi katika kuzaliwa kwake kuliko watetezi wanavyopenda kukiri.

Orodha ya haki za raia iliingiaje?

Kwa shinikizo la waliokuwa wakiipinga Katiba. Madison, ambaye mwanzoni hakuiona kuwa ya lazima, aliwasilisha mapendekezo Bungeni Juni 1789. Bunge lilipeleka vifungu 12 vya marekebisho kwa majimbo; 10 vikaridhiwa kufikia Desemba 1791: uhuru wa dini, kusema na magazeti, silaha, kutopekuliwa ovyo, haki ya wakili na ya kesi kusikilizwa mbele ya baraza la raia, na mengineyo. Cha kumi kinasema madaraka ambayo serikali ya taifa haikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi, na ndiyo sababu sheria za ndoa, shule na hukumu ya kifo hutofautiana ukivuka mpaka wa jimbo.

Kimoja kati ya vile viwili vilivyobaki, kinachozuia wabunge kujiongezea mshahara kabla ya uchaguzi kupita, kilisahaulika mpaka mwanafunzi wa chuo kikuu huko Texas alipokifufua katika miaka ya 1980. Kiliridhiwa 1992, zaidi ya miaka 200 baada ya kupendekezwa.

Kwa nini marekebisho ni machache hivyo?

Yako 27 tu. Kila moja linahitaji theluthi mbili za vyumba vyote viwili vya Bunge, kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Kuna njia nyingine ya kupendekeza, ya mkutano mkuu ulioombwa na majimbo, ambayo haijawahi kutumika. Rais hana saini katika hili.

Rais anaweza kuondolewa?

Baraza la Wawakilishi humfungulia mashtaka kwa wingi wa kawaida, Seneti humhukumu kwa theluthi mbili. Andrew Johnson (1868), Bill Clinton (1998) na Donald Trump (2019 na 2021) walishtakiwa. Hakuna aliyepatikana na hatia. Johnson aliponea kwa kura moja.

Mtoto wa Mkenya au Mtanzania anaweza kuwa rais wa Marekani? Na mgeni ana haki gani?

Rais ni lazima awe raia wa kuzaliwa, mwenye miaka 35 au zaidi, aliyeishi nchini miaka 14. Barack Obama baba yake alikuwa Mkenya, lakini yeye alizaliwa Honolulu mwaka 1961. Aliyepata uraia baadaye anaweza kuwa mbunge baada ya miaka 7 ya uraia, au seneta baada ya 9. Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyepitia kambi ya wakimbizi nchini Kenya, aliingia Baraza la Wawakilishi kwa njia hiyo.

Ama mgeni asiye raia, kifungu cha 14 kinamlinda kila mtu aliye ndani ya mamlaka ya jimbo. Katika miaka ya 1880 jiji la San Francisco lilitaka madobi wenye majengo ya mbao wawe na kibali. Wachina wapatao 200 waliomba, wakanyimwa. Wasio Wachina kama 80 waliomba, wakapewa wote isipokuwa mmoja. Dobi aliyejulikana kama Yick Wo alifungwa kwa kutolipa faini ya dola 10. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ikaamuru aachiliwe: sheria inayosomeka vizuri lakini inatekelezwa kwa jicho la ubaguzi inavunja Katiba, na ulinzi huo ni wa wageni pia. Hilo ni kwa aliyekwisha kuingia. Nani aingie ni suala jingine, na hapo mahakama zimewaachia Bunge na rais nafasi pana. Mwaka 2018 majaji watano dhidi ya wanne waliliacha liendelee zuio la kusafiri la Rais Trump lililogusa nchi kadhaa, Somalia ikiwemo.